Una 545 kwenye jaribio na umebakiwa na miezi michache: jibu kwa mhasibu anayejiandaa kwa GMAT

Swali: Mimi ni mhasibu, niko kazini mwaka wa saba, na nataka kuomba nafasi ya kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara. Maombi yanafungwa baada ya miezi minne na nusu. Nilifanya mtihani mmoja wa majaribio wa GMAT, ule mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya biashara, nikapata 545. Kilichonishtua ni kwamba sehemu ya data ndiyo iliyoniangusha, ilhali kusoma majedwali ndiyo kazi yangu ya kila siku. Tangu hapo nimefanya mamia ya maswali na sioni mabadiliko. Rafiki yangu aliyesoma MBA zamani kidogo amenipa vitabu vyake na kuniambia nisijisumbue kama sifikishi 700. Je, nilipie kozi? Nihamie GRE, ule mtihani mwingine wa kuombea masomo ya uzamili? Na kwa kuwa Kiingereza si lugha yangu ya kwanza, nianze kukariri misamiati?

Jibu: Ndugu yangu, tuanze na hiyo 700, maana inakukosesha usingizi bure. Rafiki yako anazungumzia mtihani ambao haupo tena. GMAT aliyoifanya yeye ilisitishwa mwishoni mwa Januari 2024. Iliyopo sasa ilianza Novemba 2023 na ina kipimo chake: alama zinaanzia 205 na kuishia 805, na zote zina 5 mwishoni. Kwa ulinganisho uliotolewa na GMAC, ambao ndio wenye mtihani, 700 ya zamani iko karibu na 645 ya sasa. Kwa hiyo pengo lako ni la alama 100. Ni kazi kubwa, lakini inawezekana kwa muda ulio nao.

Hata hiyo 645 usiifanye sheria. Tazama alama ya kati ya wanafunzi waliopokelewa karibuni katika kila chuo unachokiwaza, vingi huitangaza. Ikiwa ni alama ya kati, basi nusu ya darasa wako pale pale au chini yake, na wamepokelewa. Vyuo husoma pia kazi uliyofanya, insha zako na barua za waliokusimamia. Ila kama unategemea ufadhili wa masomo, ongeza bidii, kwa sababu vyuo vingi huangalia mtihani huu vinapogawa fedha hizo.

Vitabu vya rafiki yako usivitupe, lakini uvichambue kabla ya kuvitumia. Ruka kila kitu kinachohusu kusahihisha sarufi ya sentensi, ruka jiometri ya pembe na duara, ruka insha. Vyote hivyo vimeondolewa. Kilichobaki na manufaa ni hesabu za kawaida na aljebra, vifungu vya ufahamu, na maswali ya kupima hoja. Yale maswali ya kuuliza kama taarifa zinatosha, ambayo katika vitabu hivyo utayakuta chini ya hesabu, sasa yamehamia kwenye sehemu ya data.

Mtihani wenyewe una maswali 64 kwa saa 2 na dakika 15. Sehemu ni tatu, kila moja dakika 45: hesabu maswali 21, ufahamu na hoja maswali 23, data maswali 20. Zote tatu zina uzito sawa katika alama ya jumla, jambo ambalo wengi hawalijui, na ndiyo maana wanaitupa sehemu ya data hadi wiki ya mwisho. Kikokotoo kimo kwenye sehemu ya data tu. Kwenye hesabu unatumia kichwa na kalamu.

Sasa nije kwenye kilichokushtua. Umeangushwa na data ukiwa mhasibu, na mimi hilo halinishangazi. Uzoefu wako ndio unaokuponza. Nitakuonyesha kwa swali nililolitunga kwa mtindo wa mtihani. Katika aina hii unapewa swali na taarifa mbili. Huulizwi jibu ni lipi, unaulizwa kama taarifa zinatosha kulipata. Machaguo hayabadiliki: ya kwanza pekee inatosha, ya pili pekee inatosha, zinatosha zikiwa pamoja tu, kila moja inatosha peke yake, hata zikiwa pamoja hazitoshi.

Swali: Ikiwa faida ni mauzo kutoa gharama, je, faida ya kampuni fulani mwaka huu ilikuwa kubwa kuliko ya mwaka jana? Taarifa ya kwanza: mauzo yalipanda kwa asilimia 10. Taarifa ya pili: gharama zilipanda kwa asilimia 20.

Mtu wa mahesabu akiliona hili, jibu linamjia kabla hajamaliza kusoma. Gharama zimekua kwa kasi mara mbili ya mauzo, kwa hiyo faida imeshuka, kwa hiyo taarifa zikiwa pamoja zinatosha. Hebu tuweke namba. Tuseme mwaka jana mauzo yalikuwa 100 na gharama 80, faida 20. Mwaka huu mauzo ni 110, gharama 96, faida 14. Imeshuka kweli. Sasa weka gharama za mwaka jana ziwe 40. Faida ilikuwa 60. Mwaka huu mauzo ni 110, gharama 48, faida 62. Imepanda! Asilimia ni zile zile, majibu mawili tofauti. Kwa hiyo taarifa hazitoshi hata zikiwa pamoja, kwa kuwa hatujui gharama zilikuwa sehemu gani ya mauzo.

Angalia ulichofanya kichwani ulipodhani zinatosha. Umejaza pengo kwa picha ya kampuni unazozijua, ambazo gharama zake hula sehemu kubwa ya mauzo. Kazini huo ni ujuzi, na unalipwa kwa sababu hiyo. Kwenye mtihani huu unapoteza alama. Ukikaa na swali la data, jizoeze kujiuliza: hili nalijua kwa sababu limeandikwa hapa, au kwa sababu nimelizoea? Kisha tafuta kwa makusudi namba mbili zinazotii taarifa zote lakini zinatoa majibu yanayopingana. Ukizipata, umemaliza. Hali ni hiyo hiyo kwenye majedwali na grafu: soma vichwa vya safu, vipimo na maelezo madogo ya chini kabla ya kugusa namba yoyote. Na kikokotoo usikikimbilie. Maswali mengi ya grafu yanahitaji makadirio tu, na kila tarakimu unayoibonyeza inakula sekunde.

Upande wa hesabu nao una mtego wake kwa watu wa fani yako. Mambo mengi yanayoulizwa hayapo kwenye hesabu za kampuni: vigawo, namba tasa, masalio, shufwa na witiri, namba hasi zinazopandishwa kipeo. Mfano mfupi: namba fulani inagawanyika kwa 12 na pia kwa 18, ni lazima igawanyike kwa ngapi? Wengi huzidisha na kusema 216. Lakini 36 inagawanyika kwa 12 na kwa 18, na haigawanyiki kwa 216. Jibu ni 36. Mambo haya tuliyasoma tukiwa wadogo na tukayaacha huko. Yanarudi haraka ukiyapa wiki chache, lakini hayarudi kwa kudra. Kaa nayo mada moja moja, bila saa, hadi uweze kumweleza mtu mwingine kwa nini jibu ni hilo.

Nimeacha kwa makusudi jambo ninaloliona kuwa kiini cha swali lako. Umefanya mamia ya maswali na alama hazijasogea. Naamini kabisa kwamba ulifanya. Ila naomba ujiulize kila swali ulilokosa ulilifanyia nini baada ya kuona jibu. Kama ulisoma ufafanuzi, ukasema “aa, kumbe,” ukaenda kwenye swali linalofuata, basi hukujifunza kitu. Ufafanuzi wa mtu mwingine daima unaonekana rahisi ukiusoma. Wiki mbili baadaye swali la aina ile ile likija na nguo nyingine, utakosea pale pale.

Fungua daftari la makosa leo. Usiandike tu kwamba swali la 14 nimekosa. Andika chanzo, na uwe mkweli bila huruma. Vyanzo ni vichache: sikuijua kanuni, niliijua lakini nilisoma vibaya, niliijua lakini nilipita njia ndefu muda ukaisha, nilishindwa kuliachia swali. Baada ya chanzo, andika sentensi moja ya kukuongoza siku nyingine, yenye “nikiona” ndani yake. Kwa lile swali la faida ingekuwa hivi: nikiona asilimia mbili za vitu viwili tofauti, nauliza kwanza kila kimoja kilianzia kiasi gani. Kisha swali lenyewe ulifunike, na baada ya siku saba ulifanye upya kwenye karatasi tupu bila kuangalia ulichoandika. Likikushinda tena, linarudi kwenye foleni. Humo daftarini yaingie pia maswali uliyopatia kwa kubahatisha na yale uliyopatia kwa dakika nne, kwa sababu hayo ni makosa ambayo hayajakamatwa tu.

Muda unaokaa na daftari uwe angalau sawa na muda unaofanya maswali mapya. Najua inachosha na haina raha ile ya kuona maswali hamsini yamepigwa tiki. Lakini maswali 15 yaliyochimbwa hadi mizizi yatakusogeza kuliko 100 yaliyopitiwa juu juu, na hili nalisema bila kusita.

Baada ya wiki tatu za daftari, hesabu vyanzo. Hapo ndipo utakapopata jibu la kozi. Kama kinachojirudia ni “sikuijua kanuni,” mwalimu au kozi itakufaa, kwa sababu mtu atakupangia mada na kukufundisha upya. Kama kinachojirudia ni kusoma vibaya na kushindwa kuachia swali, kozi itakufundisha kanuni unazozijua tayari na utatoka na tatizo lako mkononi. Vyovyote itakavyokuwa, fedha ya kwanza iende kwenye maswali rasmi ya GMAC. Maswali ya kutungwa na wengine yanaweza kuwa magumu, lakini mara nyingi ugumu wake ni wa mahesabu marefu, wakati mtihani halisi hupenda swali fupi lenye mtego mmoja safi.

Kuhusu kuachia swali, niseme zaidi, kwa sababu watu makini kama wahasibu ndio wanaoumia hapa. Mtihani huu hukuchagulia maswali kadiri unavyojibu. Ukipatia, yanayofuata huwa magumu zaidi. Ukikosa, yanapungua makali. Maana yake ni kwamba hata anayefanya vizuri sana atakutana na maswali yanayomshinda, na kukosa baadhi ni sehemu ya kawaida ya kupata alama nzuri. Kinachoharibu alama ni kutumia dakika tano kwenye swali moja kwa ubishi, kisha ukafika mwisho umebakiza maswali manne na sekunde chache. Maswali yaliyoachwa bila jibu yana adhabu kali, kwa hiyo hata kubahatisha ni bora kuliko kuacha wazi.

Kwenye hesabu weka vituo viwili kichwani: baada ya maswali 7 saa isome takriban dakika 30 zilizobaki, baada ya 14 isome 15. Kama dakika mbili zimepita na bado huoni njia, futa machaguo yasiyowezekana, chagua moja, liwekee alama na usonge mbele. Huwezi kuliruka bila kujibu, lakini ukimaliza maswali yote ya sehemu na muda ukabaki, unaruhusiwa kurudi na kubadilisha majibu, yasiyozidi matatu kwa kila sehemu. Ruhusa hii haikuwepo kwenye mtihani wa zamani. Itumie kwa swali ambalo ungelimaliza kama ungepata dakika moja zaidi. Lile ambalo hukulielewa kabisa liache lilale.

Kwa Kiingereza, usikariri misamiati. Mtihani unafanywa kwa Kiingereza, ni kweli, lakini sarufi imeondoka na hakuna anayekuuliza maana ya neno gumu. Kinachopimwa ni kama unaona hoja imejengwa vipi. Tuseme unaambiwa: kampuni ilibadilisha namna ya kuwalipa wauzaji wake, na mwaka huo mauzo yakapanda, kwa hiyo malipo mapya ndiyo yaliyopandisha mauzo. Ni lipi linadhoofisha hoja hii? Chaguo moja linasema wauzaji kadhaa hawakuyapenda malipo mapya. Lingine linasema mshindani mkuu wa kampuni alifunga biashara mwanzoni mwa mwaka huo. La kwanza linavutia kwa sababu linaisema vibaya ile mbinu, lakini halisemi lolote kuhusu nini kilipandisha mauzo. La pili linaleta sababu nyingine, na hapo hitimisho linayumba. Ukijizoeza kutamka hitimisho kwa maneno yako mwenyewe kabla ya kuangalia machaguo, nusu ya kazi imekwisha. Ukitaka kulitamka kwa Kiswahili kichwani, litamke. Hakuna anayekusikia, na kutafsiri hivyo hukulazimisha kuelewa.

Kwa vifungu virefu, usijaribu kushika kila undani. Ukimaliza aya, jiulize imefanya kazi gani: imeleta nadharia, imeipinga, imetoa mfano, au imeweka mpaka? Undani utaurudia swali likiuhitaji. Na kila siku soma makala moja ngumu ya Kiingereza ya uchumi au sayansi, ya aina ambayo usingeichagua kwa hiari yako. Hiyo itakuongezea kasi kuliko orodha yoyote ya maneno.

Ndiyo maana pia nasita kukuhamishia GRE. Vyuo vingi vya biashara huupokea, na tangu Septemba 2023 umefupishwa hadi chini ya saa mbili. Unakuruhusu kurudi nyuma kwa uhuru ndani ya sehemu, na kikokotoo kipo kwenye hesabu. Lakini huko msamiati mgumu ni silaha halisi, jiometri ipo, na kuna insha. Kwa mtu wa namba ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili, naona GMAT inakufaa zaidi. Ukitaka kuondoa shaka, ETS, wenye GRE, wana mtihani wa majaribio wa bure. Ufanye mara moja, linganisha, kisha funga mjadala. Kinachowamaliza watu ni kuhamahama kila wanapopata matokeo mabaya.

Mpango wa muda ninaokushauri ni huu. Wiki tano za mwanzo ni za misingi bila saa, mada kwa mada, na sehemu ya data uianze tangu wiki ya kwanza. Wiki nne zinazofuata, seti fupi zenye saa, zenye mchanganyiko wa mada, kwa sababu siku ya mtihani hakuna atakayekwambia hili ni swali la masalio. Wiki tatu za mwisho, mitihani kamili. GMAC hutoa miwili ya bure na mingine ya kulipia. Ule wa bure uliobakiwa nao usiuchome sasa kwa hamu ya kujua umefika wapi. Usifanye mtihani kamili kila Jumamosi tangu mwanzo. Ni kama kujipima uzito kila saa, hakukupunguzi. Ukiufanya, ufanye saa ile ile utakayokaa kwenye mtihani halisi, kwa mapumziko yale yale, kisha uchukue jioni mbili nzima kuuchambua. Kwa mtu wa kazini, saa moja ya alfajiri kabla ya ofisi ina thamani kuliko tatu za usiku ukiwa umechoka.

Unaruhusiwa kupanga mwenyewe sehemu ipi ianze. Jaribu mipangilio tofauti kwenye majaribio, chagua mmoja na usiubadilishe tena. Kwa mtu wa aina yako, ningejaribu kuanza na data akili ikiwa bado safi. Mapumziko ni ya mara moja, dakika 10, na ni ya hiari, lakini usiache kuyatumia.

Kuhusu mahali, unaweza kufanyia nyumbani au kituoni. Nyumbani kunahitaji chumba kitupu, meza isiyo na kitu, intaneti isiyokatika na msimamizi anayekutazama kwa kamera muda wote. Kama umeme au intaneti yako ina historia ya kuyumba, nenda kituoni. Hakikisha jina ulilojisajili nalo linafanana herufi kwa herufi na lililo kwenye pasipoti. Mtu anaweza kurudishwa mlangoni kwa tofauti ndogo ya jina.

Weka tarehe ya mtihani wiki hii, mwishoni mwa mwezi wa tatu kuanzia sasa. Itakubakizia kama wiki sita kabla ya maombi kufungwa. Sababu ni kwamba kati ya mtihani mmoja na mwingine lazima zipite siku 16, na unaruhusiwa mara tano ndani ya miezi 12. Siku hizi unachagua vyuo vya kupelekewa alama baada ya kuziona, na chuo huona zile tu ulizozituma, kwa hiyo jaribio la kwanza lisilopendeza halitakuharibia. Alama zikitoka chini ya unazozihitaji, fungua daftari, tazama ni sehemu ipi iliyoshuka ukilinganisha na majaribio yako, na wiki hizo zilizobaki uzipe sehemu hiyo peke yake kabla ya kurudi tena.